Nyoka anajivua gamba: umlishe, umpunguzie mlo au usubiri?

Kila Jumamosi ya pili ni siku ya Kanga, nyoka wetu, kula. Panya ametolewa friza tangu jana yake, ameyeyukia kwenye friji, na jioni ametiwa ndani ya mfuko na kupashwa kwenye bakuli la maji ya moto. Mwanangu Idi keshashika koleo refu. Ndipo tunamtazama nyoka vizuri na kuona macho yamegeuka rangi ya maziwa yaliyodondoshewa buluu. "Mama, anajivua gamba! Tumpe, tusimpe?" Na panya yuko mkononi, anapoa.

Swali hilo limenikuta zaidi ya mara kumi, na kila nilipowauliza wafugaji nilipata majibu matatu yasiyopatana, kila moja kwa kiapo. Mmoja anasema usithubutu. Mwingine anasema wa kwake hula kama kawaida, macho yawe ya buluu au ya kijani. Wa tatu anasema mpe, ila kidogo. Nyumbani kwetu zote tatu tumezijaribu.

Kwanza mjue nani anaongelewa. Kanga ni nyoka wa mahindi, Pantherophis guttatus, asiye na sumu, asili yake kusini-mashariki mwa Marekani. Jina kalipata kwa mgongo wake: mabaka mekundu yenye pindo nyeusi, utadhani ametoka duka la nguo Mombasa. Tunaishi Reading, Uingereza, ambako kumfuga hakuhitaji leseni. Bibi yake Idi huko Tanga, akipiga simu ya video, salamu yake ya kwanza ni, "Huyo mdudu wenu yuko mbali na hiyo simu?"

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam ajue kwamba huko nyoka ni wanyamapori wanaolindwa na sheria. Usimtoe porini ukamweka kabatini, na kufuga bila kibali cha mamlaka husika ni kosa. Ninayoyaandika hapa yanahusu nyoka waliozaliwa kwenye ufugaji, hasa huyu wa mahindi na chatu mdogo wa Afrika Magharibi, Python regius, ambao ndio wamejaa majumbani huku Ulaya.

Kwanza, nini kinaendelea chini ya gamba

Watanzania tukisikia "kujivua gamba" akili inakimbilia siasa za mwaka 2011, CCM iliposema inajivua lake. Nyoka yeye haitishi mkutano. Tabaka la nje la ngozi yake halikui naye, kwa hiyo jipya linatengenezwa chini ya la zamani, kisha majimaji yanaingia katikati ili mawili hayo yaachane. Majimaji hayo ndiyo yanayompausha. Na kwa kuwa nyoka hana kope, jicho lake limefunikwa na gamba moja angavu ambalo nalo huvuliwa. Ndiyo maana jicho huingia ukungu.

Kwa Kanga mambo huenda hivi. Siku mbili tatu rangi inafifia na tumbo linakuwa la waridi. Kisha siku tatu au nne za macho ya maziwa, anajificha, ukimgusa anashtuka. Halafu macho yanarudi safi kabisa. Hapa wengi huteleza: wanadhani keshajivua usiku na gamba limepotelea kwenye matandiko. Bado. Siku tatu hadi sita baadaye ndipo anaanza kusugua pua kwenye gogo, gamba linapasuka midomoni, na analivua kinyumenyume kama soksi. Yote kwa pamoja ni kama wiki moja hadi mbili.

Kinda hujivua kila baada ya wiki nne hadi sita hivi. Mtu mzima ni mara chache tu kwa mwaka. Tofauti hiyo ikae kichwani, ina uzito kuliko viapo vya wafugaji wote.

Njia tatu, na nitakavyozipima

Ya kwanza ni *kungoja*: ukiona dalili, hakuna chakula mpaka gamba litoke. Ya pili ni *ratiba ileile*: siku ya kula ikifika, panya yule yule, ukubwa ule ule. Ya tatu ni *nusu mlo*: siku ni ile ile ila panya ni wa saizi ndogo zaidi.

Nitazipima kwa mambo haya: kama nyoka atakubali kula, tumbo litalichukuliaje, gamba litatokaje, mkono wako uko salama kiasi gani, mwili na ukuaji wake, na mwisho friza na mfuko wako.

Je, atakula?

Ukingoja, swali halipo. Ukimpa siku za macho safi kabla gamba halijatoka, nyoka wa mahindi wengi watakula bila maneno. Siku za macho ya maziwa ni bahati nasibu. Nilipompa Kanga mlo kamili katika siku hizo, mara mbili alikula na mara tatu alimpa panya kisogo. Kwa nusu mlo alikula mara tatu kati ya nne. Nyoka mmoja si utafiti, nakubali, lakini wenzangu wenye nyoka wa mahindi wanasimulia mambo yanayofanana na hayo.

Chatu wa Afrika Magharibi ni habari nyingine. Huyu ana vishimo midomoni vinavyohisi joto, kwa hiyo hata macho yakifunga ukungu panya aliyepashwa vizuri anaweza kumpata. Kumpata si kumtaka. Chatu hawa wanajulikana kwa kususa. Mwenye afya anaweza kugoma hata miezi bila kudhurika, na kipindi cha gamba ni kisingizio chake cha kwanza. Nyoka wa mahindi hana vishimo hivyo. Anategemea harufu, ulimi na macho, na jicho sasa limefungwa.

Tumbo

Hapa ndipo hofu ya wengi ilipo: atatapika. Kutapika kwa nyoka si kama mtoto aliyekula maembe mengi. Asidi ya tumbo inapita kooni, mwili unapoteza maji, na vijidudu wanaosaidia kumeng'enya wanavurugika. Akitapika, unampumzisha siku 10 hadi 14, kisha unaanza na mlo usiozidi nusu ya kawaida. Akirudia, ni kwa daktari wa wanyama anayejua reptilia.

Kungoja kunashinda hapa bila kutoa jasho: tumbo tupu halina cha kutapika. Nusu mlo uko karibu nako, kwa sababu panya mdogo humeng'enywa upesi. Ratiba ileile ndiyo yenye hatari zaidi, ila naomba niitetee kidogo.

Kanga ametapika mara moja tu kwetu. Ilikuwa Jumatatu, siku mbili baada ya kula akiwa na macho ya maziwa. Harufu ilitupokea mlangoni. Panya nusu, amevikwa ute, amelala pembeni ya bakuli la maji, na nyoka amejikunja upande wa pili kana kwamba hamjui. Tulilaumu gamba. Wiki nzima niliwaambia watu, mnaona, msiwalishe. Kisha Idi akaweka kiganja kwenye sakafu ya tangi upande wa joto na kukuta baridi. Nilipopiga vakyumu Jumamosi mchana nilichomoa waya wa mkeka wa joto, sikurudisha. Nyoka wa mahindi anahitaji upande wa moto wa nyuzi 28 hadi 32 ili ameng'enye. Yeye alikuwa amelazwa na panya tumboni katika chumba cha nyuzi 19.

Kwa hiyo kesi hiyo siwezi kuitoa ushahidi. Na nadhani kesi nyingi za "alitapika kwa sababu ya gamba" zina waya uliochomolewa mahali fulani, au mtu aliyemshika nyoka siku ya pili baada ya kula, au panya mnene kupita kiasi. Gamba linamweka nyoka kwenye msongo, na msongo unaongezea juu ya makosa mengine. Ukichagua ratiba ileile, joto lako liwe halina shaka. Pima, usikisie.

Gamba lenyewe

Utasikia kwamba nyoka aliyeshiba atapasua ngozi mpya kwa vile inatanuka ikiwa bado laini. Kwa mlo wa saizi sahihi, yaani panya asiyezidi unene wa nyoka pale aliponenepa zaidi, sijaliona hilo likitokea. Mara zote Kanga alipokula kabla ya kujivua, gamba lilitoka zima kuanzia pua hadi ncha ya mkia. Kwa mlo mkubwa kupita kiasi sitaki hata kujaribu. Kwenye kigezo hiki nusu mlo na kungoja ziko sawa, na ratiba ileile iko nyuma yao kwa hatua ndogo.

Kinachoharibu gamba mara nyingi ni ukavu wa hewa. Majira ya baridi, hita ikiwaka kutwa, chumba chetu hukauka kama gunia. Nyoka wa mahindi anastawi kwenye unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 60, chatu wa Afrika Magharibi 60 hadi 80, na siku za gamba unaongeza kidogo. Sisi tunamwekea kopo la plastiki lenye tundu, ndani yake kuvumwani (moss) yenye unyevu. Analala humo siku tatu nzima. Ukiwa unahangaika na swali la chakula huku kopo hilo huna, umeshika shoka kwa makali.

Mkono wako

Nyoka asiyeona vizuri huchukulia kila kivuli kuwa adui, au kuwa chakula. Ukingoja huna sababu ya kuingiza mkono isipokuwa kubadilisha maji. Ratiba ileile na nusu mlo zote zinakutaka usogee karibu na kichwa chake, kwa hiyo koleo refu, polepole, na panya amlenge kutoka mbele si kutoka juu. Kuna usiku Kanga alimkosa panya akaliuma koleo, akaling'ang'ania kama mtu aliyeshika mkoba wake kwenye daladala. Tulisubiri dakika tano aachie mwenyewe. Ungekuwa mkono wa Idi, vijino vile vidogo visingeleta zaidi ya damu kidogo na kelele nyingi, lakini nyoka angeweza kuumia mdomo mtu akijinasua kwa nguvu.

Kwa njia yoyote, panya hai asiingie. Panya aliyebanwa anauma, na nyoka mwenye macho ya maziwa hawezi kujitetea vizuri. Na mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada. Panya wa friza na nyoka wote wanaweza kubeba salmonela, vijidudu vya kuharisha.

Mwili na ukuaji

Kwa nyoka mzima kigezo hiki hakina uzito. Kanga ana gramu 480 hivi na hula kila baada ya siku 14. Akiruka mlo mmoja, mizani ya jikoni (tuliyomnunulia yake, msishtuke) haionyeshi tofauti ya maana.

Kwa kinda hesabu inageuka. Kinda hula kila baada ya siku 5 hadi 7 na hujivua karibu kila mwezi. Kila gamba likimgharimu siku kumi za kungoja, anapoteza mlo mmoja au miwili kati ya minne hadi sita ya mwezi. Hafi njaa, ila anakua taratibu, na mwenye kumngojea kwa uaminifu kila mara anaweza kushangaa mbona wa mwenzake ni mnene. Hapa ratiba ileile na nusu mlo zina hoja nzito, hasa nusu mlo.

Isipokuwa gamba la kwanza kabisa. Kinda aliyetoka kwenye yai hujivua ndani ya siku kama saba hadi kumi, na mpaka hapo bado anaishi kwa kiini cha yai alichobaki nacho. Wafugaji wazoefu wanampa mlo wa kwanza baada ya gamba hilo. Hapo wale wa viapo vitatu wote wanakubaliana, jambo la nadra.

Friza na mfuko

Panya aliyekataliwa baada ya kupashwa ni hasara, harudi friza. Ratiba ileile inapoteza panya wengi na wakubwa, ambao ndio wa bei. Nusu mlo unapoteza wadogo wa senti chache, ila inakulazimu kuweka saizi mbili kwenye friza, na familia yenye friza moja ya samaki na sambusa ina lake la kusema. Kungoja hakupotezi kitu. Unahitaji tu kumtazama nyoka *kabla* ya kumtoa panya, jambo ambalo sisi tulichukua mwaka mzima kujifunza.

Kila njia na mtu wake

Kungoja kunamfaa mwenye nyoka mzima mwenye mwili mzuri, mfugaji mgeni ambaye bado hajaamini vipimo vyake vya joto, na nyumba yenye watoto wadogo. Kasoro yake ni kwamba inaweza kuwa kichaka cha uvivu: gamba limetoka wiki iliyopita na mtu bado "anangoja".

Ratiba ileile inamfaa mwenye uzoefu, mwenye nyoka mlafi asiyewahi kukataa, tangi lenye kidhibiti joto cha kuaminika, na rekodi ya kila mlo. Mwenye nyoka kumi kwenye makabati hawezi kumfuatilia kila mmoja macho yake. Ratiba inamsaidia, na panya aliyesuswa anapewa jirani yake papo hapo.

Nusu mlo unamfaa mwenye kinda anayekua, nyoka mwembamba anayerudishiwa mwili, na mtu asiyelala usingizi akijua mnyama wake ana njaa. Huyo wa mwisho ni mimi, nakiri, ingawa kwa Kanga wa sasa nangoja. Idi alipopata kinda wa pili mwaka huu tulirudi kwenye nusu mlo bila kubishana.

Kwa hali yako

*Nyoka mzima, mnene wa kutosha, macho ya maziwa.* Ngoja. Mpe maji safi, kopo la unyevu, mwache. Gamba likitoka, ukague: ncha ya mkia ipo, na vile viduara viwili vya macho vipo kwenye gamba. Kikikosekana kimoja, kimebaki jichoni; usikibandue kwa kucha wala kibanio. Ongeza unyevu, na kikibaki mpaka gamba lijalo mwone daktari. Mlo mpe siku moja au mbili baadaye. Atakuwa na njaa kweli, kwa hiyo koleo refu.

*Kinda wa miezi mitatu, amepauka tu, macho bado hayajaingia ukungu.* Mpe saizi moja chini ya kawaida. Akikataa, toa baada ya saa chache, usimwachie usiku kucha, jaribu tena baada ya gamba.

*Macho yamerudi safi, gamba bado.* Njia zote tatu zinawezekana. Kama joto liko sawa na nyoka anatokatoka maficho kutafuta, ratiba ileile haina ubaya.

*Chatu wa Afrika Magharibi aliyegoma tangu kabla ya gamba.* Usimbembeleze kwa panya kila siku tatu. Kila jaribio linamsumbua. Ngoja gamba, mpime uzito kila wiki. Akipungua kama asilimia 10 ya uzito wake, au akitoa mapovu mdomoni au kuhema kwa sauti, usimalizie wiki bila daktari.

*Alitapika mwezi huu.* Ngoja, hata kama ni kinda, na uanze kwa kukagua joto.

*Panya keshayeyuka na ndiyo kwanza umeona macho.* Kama bado yuko kwenye friji hajapashwa, una mpaka kesho kuamua, au mpe nyoka mwingine kama unaye. Kama keshapashwa, jaribu dakika kumi na koleo. Asipotaka, mfunge kwenye mifuko miwili na umpeleke pipa la nje usiku huohuo. Sisi tulimwacha kwenye pipa la jikoni mara moja, na Jumapili asubuhi hakuna aliyekunywa chai.